Sauti Isiyo ya Bi Somoe

Jumamosi, Nachingwea. Upepo mkavu kutwa nzima, na kila mahali kunanuka salfa inayopulizwa kwenye mikorosho. Nimerudi kutoka Chinongwe jioni hii, nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Mnaosoma blogu hii mnaujua ugonjwa wangu. Nina steshenari ndogo mjini. Wateja wakipungua, naangalia filamu za zamani ambazo hakuna anayezitaka. Mabanda ya video hayazigusi. Vijana wanasema hazina ngumi na watu wake wanaongea polepole. Hata waliozitengeneza waliacha mikanda ikaoza stoo. Nimezoea kuzipenda peke yangu.

Ipo moja, ya nyeusi na nyeupe, ambayo nimeisifu humu mpaka mkachoka. Nakala yangu imekatika mwanzo, haina jina la filamu wala majina ya waigizaji. Mimi naiita Filamu ya Mlangoni. Watu wa kijiji wameamriwa kuhama, na mwanamke mmoja kijana anagoma. Anasimama mlangoni, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, anawaambia wanaume waliokuja kubomoa: "Nyumba hii nimeikandika mwenyewe. Basi anzeni na mimi." Hakuna muziki. Kamera haimsogelei wala haimkimbii. Inamtazama tu, mpaka wanaume wale wanainamisha vichwa.

Niliandika humu kwamba sauti ya mwanamke yule ndiyo roho ya filamu nzima.

Zainabu, mwalimu anayeleta mitihani kwangu kutoa kopi, aliyasoma maneno hayo akaja kuniambia kwamba yule ni bibi yake, maneno ya mlangoni ameyasikia kwake tangu utotoni. Anaitwa Bi Somoe, yuko hai, yuko Chinongwe. Wapiga picha walimkuta shambani enzi hizo, wakamfundisha maneno, akayasema, wakaondoka na gari lao. Filamu yenyewe hajawahi kuiona. Maisha yake yote amewasimulia watu kwamba aliwahi kusema kwenye sinema, na watu wamemcheka. Marehemu mumewe naye alikuwa akimcheka.

Basi leo nimempelekea.

Tuliziba madirisha ya sebule kwa khanga, nikaweka kompyuta juu ya stuli. Walikuja watoto wake, wajukuu, na majirani walewale wa kumcheka. Bi Somoe alikaa mbele kabisa kwenye mkeka. Alinisalimia kwa Kiswahili alichojifunzia sokoni, ambacho Kimwera, lugha ya kwao, kinasikika ndani yake katika kila neno. Nilikipenda. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Uso wake ulipotokea, chumba kizima kilivuta pumzi. Ni yeye, hakuna aliyebisha. Jirani mmoja alimshika bega. Kisha yule msichana mlangoni akafungua mdomo, ikatoka sauti laini, iliyonyooka, ya mwanamke wa mjini aliyezoea kusoma taarifa redioni.

Siyo yake.

Mimi mjuzi wa filamu, ninayeandika kurasa kuhusu mwanga na kivuli, sikuwahi kujua. Mdomo ulikuwa ukipishana kidogo na maneno. Siku zote nilidhani ni uchakavu wa nakala.

Mjukuu mmoja alicheka. Jirani aliyemshika bega akasema, "Kumbe wewe ulisimama tu, aliyesema ni mwingine." Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

"Nilisema mimi," Bi Somoe alisema. "Walinirudisha, nikasema tena, mpaka mkubwa wao akaniambia, 'Vizuri.'" Alinitazama mimi, si jirani. "Aliniambia, 'Vizuri,' mwanangu."

Nikajiona nina akili. Nilirudisha picha nyuma, nikazima sauti, nikamwomba ayaseme maneno yake mwenyewe wote wayasikie. Msichana mlangoni akafungua mdomo. Bi Somoe naye akafungua wake, akaufunga. Nilirudisha tena. Akatikisa kichwa.

"Maneno nilikuwa nayo mpaka asubuhi hii," alisema. "Nikilima nilikuwa nayasema. Sasa nikiyatafuta, inakuja sauti ya yule mwingine."

Akamwambia Zainabu aniletee chakula, mgeni asiondoke na njaa. Wakaondoa khanga madirishani. Nilikula ugali wa watu niliowaharibia siku, na hakuna aliyenilaumu.

Njia nzima ya kurudi nimemfikiria mtu aliyekaa kwenye chumba fulani mjini, akamsikiliza Bi Somoe, akaamua kwamba uso wa Mmwera unafaa na mdomo wake haufai, akapachika sauti ya mwingine. Huenda hata hakuona kama amefanya jambo. Huenda alikwenda nyumbani akalala vizuri. Alikuwa anatengeneza filamu juu ya mwanamke anayekataa kuondolewa.

Bi Somoe alikaa na sauti yake salama miaka yote ile watu wakimcheka. Mimi niliyemwamini ndiye niliyeipeleka ile nyingine ndani ya nyumba yake.

Nimefuta kila nilichoandika humu kuhusu sauti ile. Nimeandika jina la Bi Somoe mahali palipokuwa hapana jina la mwigizaji. Kisha nikafungua filamu, nikitaka niichukie, nikaitazama mpaka mwisho.

Ni nzuri. Bado ni nzuri vilevile, na sijui nifanye nini na hilo.