Jasho la Nyamongo

Tabaka,
9 Agosti 1952

Kwa kaka yangu Zachariah,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Esnah na watoto. Je, yule mdogo homa imemwachilia? Sisi hapa tunapumua, na migomba imestahimili mvua ya mawe.

Shemeji yako Nyamongo amerudi kutoka Nairobi. Unajua viganja vyake vilivyokuwa: jasho likitiririka hata asubuhi ya baridi, kisu kikimteleza kwenye jiwe na kumkata, hadi wachongaji wenzake wakaacha kumpa kazi ya maana. Dawa ya kupaka ilimchubua tu. Daktari akasema iliyobaki ni kupasuliwa, ama juu ya mfupa wa bega ama mgongoni karibu na mbavu, akatwe mishipa inayoleta jasho. Nilibisha sana. Ugonjwa uko mikononi, kisu kinatafuta nini mgongoni?

Basi alikwenda, akakaa muda mrefu kuliko alivyoaga. Makovu ya mgongoni nimeyaona mwenyewe, kwa hiyo kupasuliwa alipasuliwa. Viganja vimekauka, anachonga vizuri, na kila mtu anamsifu. Mimi peke yangu sina raha, kwa maana shati lake limerudi na kifungo kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Hospitalini wanashona watu, kaka, hawashoni vifungo.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Miaka yote nimemjua mume wangu kwa viganja. Akinificha jambo, nilimshika mkono tu; jasho likizidi, nikajua. Sabato iliyopita, tukijiandaa kwenda kanisani, nilimpa shati lile likiwa kavu kabisa. Alipolivaa nikamshika mkono, nikamuuliza ni nani aliyeshona kifungo. Akasema ni nesi. Kiganja hakikubadilika. Nilitamani sana kumwamini. Nikampapasa mgongoni, shati limelowa chapachapa.

Anasema daktari alimwonya kwamba jasho likizibwa mikononi huhamia mgongoni. Huenda ni kweli. Lakini mbona lilingoja swali langu?

Bado sijaamua. Najua ng'ombe wa mahari yangu ndio uliowatoa kumwoa Esnah, na nikirudi nyumbani watu wa huku watawadai. Kwa hiyo nakuomba, yule mtamba wa kahawia usimuuze kwanza. Esnah msalimie sana, ila sababu usimwambie.

Ni mimi dada yako,
Nyanchera