Mikono ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Januari

Theluji tangu alfajiri. Maji ya hodhini, tunamoteka rojo la nyuzi za magome liwe karatasi, yanauma. Vidole vyekundu mpaka kwenye vifundo, na hata chai ya saa nne bado.

Mama mkwe ana homa. Amejifunga kitambaa kichwani, kaingia kazini kama kawaida – yeye hodhi la kulia, mimi la kushoto, tumepeana migongo. Nikamwambia, Mama, leo pumzika. Akasema karatasi nzuri hutekwa kwenye baridi, na baridi haimngoji mgonjwa apone. Wiki hii Bwana Hirooka, mnunuzi wetu, anakuja kuangalia sampuli. Kuna hekalu kubwa Kyoto linataka karatasi za milango yake yote, na zote zitekwe na mkono mmoja ili zifanane. Wangu au wa Mama. Kila mtu anajua ni wa Mama. Wangu unapelekwa kwa heshima tu, nisione nimetengwa.

Leo nimefanya upuuzi. Mchana vidole vilikufa ganzi kabisa. Kando ya kila hodhi kuna sufuria ya maji moto ya kutumbukizia mikono. Mama alipotoka kwenda chooni, nikaiinua sufuria yangu nikaimimina yote hodhini. Nilitaka kuyavunja makali tu. Hata watoto wa bonde hili wanajua – ute wa mizizi tunaotia kwenye rojo, ule unaoteleza kama wa bamia, ukipata joto unakufa. Na ute ukifa nyuzi hazielei, zinashikana madonge. Mimi ni mwaka wa tatu nimeolewa hapa.

Nikaendelea kuteka hivyo hivyo. Madonge niliyaona. Nikajitia hamnazo.

Jumanne, 13 Januari

Mama hakuamka, homa imempanda. Mimi na mume wangu Yasuhei tukabeba marundo yote mawili ya jana, mabichi, mpaka kwenye shinikizo la kukamulia maji. Juu ya kila rundo kuna kibao cha jina. Sakafu ina barafu, Yasuhei akateleza, vibao vikaanguka. Nikaviokota nikavirudisha. Alikuwa ananiharakisha. Mikono haina hisia.

Kazi ya kubandika kwenye mbao za kukaushia ataifanya yeye. Mimi nalala.

Jumamosi, 17 Januari

Sijui nianzie wapi.

Bwana Hirooka alikuja saa tatu, akanywa chai, akatafuna figili za chumvi, akasifu figili. Mama alikuwa amepona, amekaa wima pembeni, mikono mapajani. Bi Kume, jirani yetu anayetuchambulia takataka kwenye nyuzi, akajifanya anatafuta beseni ili asikilize.

Bwana Hirooka akafungua fungu lenye jina langu. Akainua karatasi moja dirishani. Akainua nyingine. Kisha akasema taratibu kwamba hii ndiyo karatasi, kwamba hajashika kitu kama hiki tangu marehemu baba mkwe alipokuwa hai. Akafungua fungu la Mama. Akatazama karatasi mbili tu. Akalifunga, akaomba chai nyingine.

Nilikuwa nimeshaiona. Ile ya juu kabisa ya fungu hilo, pembeni, alama ya tone lililonidondoka kutoka kwenye mkono wa nguo. Madonge yangu. Vibao vilibadilishana.

Nilisema. Naapa nilisema. Niliinama nikasema, hizo si zangu, hizo ni za Mama.

Wakacheka kwa furaha! Bwana Hirooka akamgeukia Yasuhei: mke umempata, bwana, siku hizi vijana wenye adabu hii hawapo. Bi Kume naye mlangoni, kwamba nani angedhani binti wa muuza samaki wa Tsuruga atakuja kujua kukataa sifa. Maana kwetu ndivyo ilivyo – ukisifiwa unakana. Ukikana sana unasifiwa zaidi. Nikainama tena. Nikawa nimevishwa kilemba cha ukoka mbele ya mwenye kilemba chake.

Ningeweza kurudia. Ningeweza kutaja sufuria ya maji moto, hapo nani angesema ni adabu? Sikuitaja. Na sasa naandika lile nisiloweza kumwambia mtu: kwa muda mfupi, moyoni, nilifurahi. Kama kweli zilikuwa zangu.

Mama alilichukua fungu lenye jina lake, akaenda nalo dirishani. Akaangalia karatasi moja moja mpaka ya mwisho. Hakukasirika. Akasema, "Nilisahau ute. Nilikuwa na homa, nikasahau kutia ute."

Nikainuka nikammiminia Bwana Hirooka chai yake.

Jumapili, 18 Januari

Nilijaribu kumwambia Yasuhei tukikunja magodoro. Nikaanza na vibao: unakumbuka vibao vilianguka?

Akanikatiza. Akasema nisimsitiri Mama. Dada mkubwa wa Mama alianza hivi hivi, akasahau wali motoni, mwishowe akasahau majina ya wanawe, akawa anawaamkia kama wageni. Afadhali sisi tumeona mapema. Yasuhei alikuwa anakunja shuka ile ile mara mbili, macho mekundu.

Nikasema, labda si yeye. Akasema, "Kinue, wewe ni mwema kuliko unavyojijua."

Mimi, mwema. Nikaona nikitoa neno moja zaidi atanitazama kwa macho mengine maisha yangu yote. Nikabeba godoro nikaliweka kabatini.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini mwiba huu nimemdunga mwingine, na ni mimi ninayepewa pole.

Jumatano, 21 Januari

Mama amehamia chumba cha kuchambua. Hakuambiwa na mtu. Asubuhi alipita hodhi lake bila kulitazama, akaenda kuketi na Bi Kume kwenye beseni la maji baridi, wakaanza kutoa vijiganda na vidoa kwenye nyuzi.

Bi Kume: "Karibu kwetu sisi wa chini. Huku hakuna sifa, kuna mafua tu."

Mama: "Sogea basi, umejaa benchi zima."

Bi Kume: "Nijae nisijae, wewe ndiye uliyekaa sehemu yangu yenye jua."

Wakacheka. Mimi nikiwa peke yangu upande wa pili wa ukuta, hodhi la kulia limefunikwa ubao. Nasikia vicheko, nateka. Karatasi zangu za leo hazina madonge, ni za kawaida. Za kawaida si za hekalu. Yasuhei alizishika akasema nina wasiwasi tu, nitarudi kwenye kiwango changu. Kiwango changu!

Jioni Mama aliniuliza kama ametia miso ya maharage kwenye supu. Ametia. Akauliza tena. Zamani alikuwa anatia bila kuangalia huku ananisema jinsi ninavyokata vitunguu. Leo hajanisema kitu. Vitunguu nilikata vibaya makusudi, nimsikie. Akavila.

Jumamosi, 24 Januari

Mama alinipeleka kwenye hekalu dogo la mungu mke wa karatasi, kule juu, theluji magotini. Alitangulia yeye, mimi nyuma nikikanyaga alipokanyaga. Akapiga makofi mawili, akainama, akasema kwa sauti:

"Mimi Toyono nimechoka. Nimekuletea mkono mwingine. Upokee."

Nami nikapiga makofi. Nikainama. Nimemdanganya mpaka mungu, na kwa mikono ile ile.

Wakati wa kushuka akanishika mkono wa nguo. Hajawahi kunishika. Nikafungua mdomo. Niliufungua kweli, neno lilikuwa tayari. Akaniwahi. Akasema alikuwa mkali kwangu miaka hii, kwa sababu aliona sina mkono, na kumbe macho yake ndiyo yaliyokuwa hayaoni. Akasimama katikati ya njia, akainama mbele yangu. Kizee yule, theluji mabegani. "Nisamehe, mwanangu."

Nikasema, "Hakuna shida, Mama."

Hakuna shida. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Nayaandika ili niyaone. Nina aibu ambayo hata kunawa uso siwezi, naogopa kujiona kwenye maji.

Ijumaa, 30 Januari

Bwana Hirooka amepiga simu. Hekalu limekubali. Tunaanza wiki ijayo. Yasuhei kanunua samaki mzima wa kusherehekea, Mama akanichagulia kipande cha shavuni.

Sikuweza kukimaliza. Wakasema, anaogopa kazi. Mwacheni.

Jumanne, 3 Februari

Siku ya kufukuza mashetani. Yasuhei alivaa kinyago chekundu, akanguruma mlangoni, sisi tukamrushia maharage: shetani nje, baraka ndani! Nilirusha kwa nguvu mpaka akalalamika. Mengine niliyarusha ukutani yakanirudia usoni. Bi Kume akauliza mbona huyu anajifukuza mwenyewe.

Mama akahesabu maharage ya kula, moja kwa kila mwaka wa umri wake, akapotea katikati, akaanza upya. Mtu yeyote hupotea akihesabu hivyo huku watu wanapiga kelele. Yeye akaacha. Akayarudisha kwenye bakuli, akatutazama kama aliyekutwa na kosa.

Basi. Kesho asubuhi nasema, kabla ya kazi. Yote, pamoja na sufuria. Anipige, anirudishe Tsuruga, nikauze samaki.

Jumatano, 4 Februari

Nimeamka nikasikia maji. Nikadhani ni Yasuhei anavunja barafu. Yasuhei alikuwa anakoroma.

Ni Mama. Peke yake, hajawasha taa, mwanga wa theluji tu dirishani. Ameondoa ubao kwenye hodhi lake la kulia, amekoroga rojo, ametia ute. Anateka. Anatikisa. Anainua chekeche la mianzi juu ya fremu, analitazama, anainama karibu kabisa – kisha anaipindua ile karatasi ndani ya maji na kuikoroga ipotee. Anateka nyingine. Anaimwaga. Na anajisemea kwa sauti ndogo, yale yale aliyokuwa akinifokea mwaka wangu wa kwanza: chota, mbele, nyuma, subiri, sasa mwaga.

Nilikuwa mlangoni. Kila karatasi aliyoimwaga ilikuwa safi, sawa pande zote. Mimi siwezi hata moja kama hiyo.

Aliponiona akashtuka, akaweka fremu chini haraka, akajifuta mikono. Akaona haya. Yeye!

"Usimwambie Yasuhei," akasema. "Nilitaka kujua kama bado nakumbuka."

Kisha akateka moja zaidi, akaniinulia, maji yakichuruzika mpaka kwenye viwiko vyake. "Wewe una jicho sasa. Niambie kweli, usinionee haya. Inafaa?"

Nikasema inafaa. Nikasema ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuteka. Nikasema zile alizozisifu Bwana Hirooka zilikuwa za Mama, na yale madonge ni yangu, nilimwaga maji moto hodhini yeye alipokwenda chooni, vibao vikaanguka, nikavirudisha vibaya, nikajua, nikanyamaza. Na sijui hata kama niliporudisha vibao nilikuwa sijui kweli. Nilisema yote, nikipiga magoti kwenye maji ya sakafuni. Sikukata wala kupamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa zawadi kubwa kuliko anavyostahili, akatikisa kichwa.

"Una moyo mzuri, Kinue. Mpaka kujisingizia kwa ajili yangu."

"Mama, ni kweli."

"Nimeshalia nikamaliza. Usinianzishie upya."

Na karatasi ile, ile nzuri, akaipindua ndani ya maji.

Nikamshika mkono, nikaapa kwa baba mkwe. Akanipapasa kichwani, akasema ninyanyuke, nitapata baridi na kazi ya hekalu inaanza kesho. Akasema kama kweli nataka kumsaidia, nisimame karibu yake nimsahihishe. Aanze upya, kama mimi nilivyoanza. Hana aibu ya kufundishwa.

Nimesema naja kuvaa soksi kavu. Niko chumbani naandika, soksi ziko mapajani. Namsikia ng'ambo ya ukuta. Chota, mbele, nyuma, subiri. Anamwaga. Anateka tena. Nikienda nikasema inafaa, hataamini. Nikisema haifai, ataamini.

Ananiita.

"Mwalimu," anasema, na anacheka kidogo, "umeganda huko?"