Kifungo cha Shingoni

Mama Sauda,

Wiki mbili zilizopita Sauda aliishusha ile picha ukutani, na mimi ndiye niliyemfanya aishushe. Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine. Wanasema marehemu hawafikiwi na umbea wa soko la Kimironko, lakini kwa mtu kama wewe sina hakika.

Kibanda chetu bado kipo palepale upande wa mafundi. Sauda anakalia cherehani yako, ila mto wako wa kiti ameuweka juu ya kabati na kuleta wake, maana anasema ule una umbo lako. Mama Kevine wa vitambaa anapita kila asubuhi na kusema "mwaramutse" kwa kiti, halafu anakumbuka, halafu anajifanya alikuwa ananisalimia mimi. Na wateja bado wanakuja kumuulizia yule mama wa koti. Hilo la koti ndilo linalonikalisha hapa na kalamu.

Picha unaijua kuliko mimi. Nimesimama juu ya meza ya baa, katika kijiji cha theluji huko milimani Ufaransa. Nimevaa koti ulilonishonea, nimeinua kengele kubwa ya ng'ombe yenye utepe mwekundu, na watu wamenizunguka vinywa wazi. Uliamini wananishangilia. Mama Sauda, walikuwa wananicheka. Mimi mwenyewe ndiye niliyewachekesha, na nilichowachekeshea ni wewe.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka nitajipendelea.

Nilipopata mkataba wa msimu, miezi mitano ya kufagia vyumba na kukusanya glasi, ulitangaza sokoni kabla sijamaliza kukuambia. Ulikuwa umenipokea nikitoka Bujumbura, sijui hata kupitisha uzi kwenye cherehani, na sasa mwanafunzi wako anapanda ndege. Theluji hukuwahi kuiona. Basi ulifanya nini? Ulipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kabeza, umejizungushia vipande vya blanketi mkononi, ukamwomba yule baba wa duka la samaki akuruhusu kutia mkono kwenye friza. Blanketi moja, ukautoa mkono mbio. Mawili, ukavumilia kidogo. Mara ya tatu uliweka kitenge juu na bitana katikati, ukasimama pale mpaka wateja wakaanza kuuliza kama samaki wanauzwa au wanaombewa dua. Ulirudi na harufu ya sangara, unacheka.

"Nadine, nimeipata. Baridi yao haiingii hapa."

Likatoka koti la ndege wa njano na kijani, ndani blanketi za mistari ya kahawia, kofia ya kuingia vichwa viwili. Vifungo sita. Vitano ulishona wewe. Cha sita, cha shingoni, ukanitia kiganjani, kama ulivyofanya kwa kila mteja: kifungo cha mwisho anashona mwenye nguo. Hata bwana harusi ulimshikisha sindano, akajichoma, ukamwambia nguo ambayo hujaitia mkono bado ni ya fundi. Nikasema nitakishona kwenye ndege. Nikakitia kwenye pochi.

Sikukishona.

Siku niliyofika, msichana mmoja wa chumba chetu cha wafanyakazi alishika mkono wa koti, akauliza kama ni shuka la kitanda. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. Wao walivaa majaketi membamba yanayong'aa. Jioni ileile nililitundika koti nyuma ya mlango, nikaokota jaketi lililoachwa na mfanyakazi wa mwaka uliopita. Jaketi lenyewe lilikuwa jepesi, jina tu. Kila Jumapili ulipiga simu: "Koti inafanya kazi?" Nikajibu inafanya, Mama, sisikii baridi kabisa. Nilisema hivyo meno yakigongana.

Sikuwahi kukuambia maisha ya kule yalivyokuwa, kwa sababu nusu yake ni pombe. Kijiji kile kinaishi msimu mmoja. Mchana watu wanapandishwa mlima kwenye viti vinavyoning'inia kwenye kamba, wanashuka wakiteleza kwa mbao miguuni. Saa kumi jua likishajificha nyuma ya mlima, wanaingia baa na viatu vyao vizito kama vya saruji, wanapanda juu ya meza na kucheza muziki. Mimi napita chini yao na sinia. Wageni wakishalala, baa inabaki kwetu sisi wa msimu: Mreno wa jikoni, Wapolandi wawili wa kamba za mlimani, yule msichana wa shuka, na mimi. Tulicheza mpaka asubuhi, tukaenda kazini bila kulala. Sitakudanganya tena kwamba niliteseka. Nilifurahi sana. Nilipenda kuwa mtu asiyejulikana mama yake wala fundi wake.

Mwezi wa nne theluji ilianza kutoboka, mlima ukawa na madoa kama mbuzi. Maduka yakashusha milango, watu wakaanza kuagana. Wana desturi ya usiku wa mwisho: kila mfanyakazi anakuja na nguo ya baridi mbaya kuliko zote alizoweza kuzipata, na mbaya zaidi inapewa kengele. Wenzangu walikuwa wametafuta wiki nzima. Mimi sikuwa na kitu. Msichana wa shuka akanyoosha kidole nyuma ya mlango.

Ningeweza kukataa, Mama Sauda. Lakini sikulivaa tu. Nilitia mto tumboni. Nikaning'iniza shingoni ile futi ya kupimia uliyonipa siku niliyohitimu. Nikaazima miwani, nikaiweka kwenye ncha ya pua. Nikaingia nikichechemea, kama wewe goti likikuuma siku za mvua, nikawapita mmoja mmoja nikiwapima mabega na kuwagombeza kwa sauti yako: "Simama sawa! Mimi sipimi nyoka!" Hakuna aliyejua Kiswahili. Waliicheka sauti, walilicheka goti. Wakanipandisha mezani. Hakuna aliyenituma, na sikuwa mlevi kiasi cha kusingizia pombe.

Mwenzangu alirusha picha mtandaoni, Sauda akaiona. Nilipoamka sauti yako ilikuwa inaningoja kwenye simu.

"Nadine sha! Koti yetu imekuwa ya kwanza! Na futi shingoni, na miwani! Umenikumbuka, mwanangu, umeniingiza mpaka mimi kwenye sherehe yao!"

Ulikuwa unalia. Nilikaa kitandani, kichwa kinagonga, nikaandika: ndiyo, Mama, ya kwanza.

Uongo ukazaa. Koti nililiacha kulekule nyuma ya mlango, kwa sababu sanduku lilijaa chokoleti na nguo za kujionyesha. Uliponiuliza liko wapi, nikasema wameliomba, wameliweka kwenye kabati la kioo watu walitazame. Ukaamini, ukalisambaza neno hilo Kimironko yote na kwenye harusi za Nyamirambo.

Siku moja, kibanda kikiwa kitupu, ulinisimamisha mbele ya picha. Ukaweka kidole chako penye shingo yangu.

"Hiki cha mwisho kiko wapi?"

Nikasema kilidondoka nikicheza. Ulishusha miwani, ukaisogelea picha, ukatazama muda mrefu. Kisha ukasema "Haya," ukarudi kwenye cherehani.

Wewe ndiye uliyenifundisha, wiki yangu ya kwanza, kwamba kifungo kikidondoka huacha uzi. Hapakuwa na uzi pale. Kwa hiyo ulijua koti lile halikufungwa shingoni hata siku moja, na kwamba zile Jumapili zote nilikuwa nakudanganya. Uliona mangapi zaidi sijui. Picha hukuishusha. Ila hukuniuliza tena habari za koti mpaka umekufa, na mimi mjinga nikashukuru kwamba umesahau.

Halafu hitima yako. Tumekaa wanawake kwenye mikeka, pilau mbele yetu, dada yako mkubwa anakusema vizuri. Akasema ulilea watoto watatu, ukafundisha wasichana wa watu kazi, hukumfukuza mtu kwa dini wala kwa kabila. Akasema, "Na koti yake iko Ulaya mpaka leo, ndani ya kioo, Wazungu wanaitazama." Wote wakanigeukia nithibitishe. Nilitikisa kichwa kukubali. Kwenye hitima yako, wali wako mkononi, nilikubali. Yote mengine naweza kuyaita ujana. Hili sina jina la kulipa.

Ndipo wiki mbili zilizopita akaja mama mmoja kutoka Masaka na binti yake. Binti amepata mkataba wa msimu milima ileile. Wamebeba blanketi zao, wanataka koti kama la kwenye picha, lile la zawadi. Binti alisimama mbele ya picha akitabasamu, nikamwona anashuka kwenye basi pale kijijini, amelivaa, kichwa juu. Nikashindwa. Nilisema yote hapohapo, kwake, kwa mama yake, kwa Sauda, na Mama Kevine akisikiliza nyuma ya vitambaa vyake bila hata kujificha vizuri. "Yebabawe," akasema, akaketi.

Mama yule alikusanya blanketi zake wakaondoka. Sauda hakupiga kelele. Aliishusha picha, akaigeuza, akaendelea na pindo alilokuwa analishona. Nilitamani anitukane. Jioni tukifunga ndipo akasema, hanitazami:

"Utashona koti ingine kama ile, kwa kipimo chako. Utaivaa hapa sokoni, mchana. Mtu akiuliza, unamwambia. Ukimaliza soko nzima, picha inarudi."

Nimelishona, Mama Sauda. Kitenge cha ndege kilekile sikukipata, nimetumia cha mapapai, utanisamehe. Nilipofika kwenye blanketi nilikwama. Sikukumbuka ulipanga nini juu ya nini. Nikapanda moto hadi Kabeza. Yule baba wa samaki nywele zimemwisha, lakini nilipomwambia ninachotaka alifungua friza bila kuuliza, akasema tu, "Wewe uko wa yule mama." Nikajizungushia blanketi, nikapanga na kupangua mpaka kitenge kikawa juu na bitana katikati, nikautia mkono.

Haikuingia.

Nilisimama nikihesabu, nikangoja, wateja wakaanza kunung'unika, na mkono wangu ulikuwa wa moto kama mkate. Baridi haikuingia hata kidogo. Miezi mitano nilitetemeka kwenye jaketi la watu, na joto lako lilikuwa nyuma ya mlango. Nililia pale dukani kama mtoto, juu ya sangara. Yule baba akanipa kiti.

Kile kifungo hakikuwahi kutoka kwenye pochi yangu. Kimezunguka nami miaka yote hii kati ya vitambulisho na risiti. Nimekishona sasa hivi, nikaufunga uzi mara tatu kama ulivyotaka. Nimelivaa hapa chumbani, nimelifunga mpaka shingoni, na jasho linadondokea karatasi hii. Ukiona mahali wino umetoka, ndiyo sababu, au karibu na hiyo.

Kesho ni Jumamosi, soko litajaa. Nitaanzia kwa mafundi, niende kwa wauza maharage, nimalizie kwa dada yako kule Nyamirambo, ambaye namwogopa kuliko soko zima. Binti wa Masaka amempigia Sauda simu, bado anataka koti. Nitamshonea, nami nitamwambia mapema watakavyolicheka kule. Kifungo cha shingoni hatoki nacho mkononi. Atakishona mbele yangu, nikitazama.

Lala salama, fundi wangu. Kesho nitasimama sawa.

Wako,
Nadine