Jezi Namba 31 ya Babu Eligio

Jumatatu, 3 Desemba

Leo Don Abelardo, rais wa timu, amekuja nyumbani. Alikunywa kahawa ya Bibi vikombe viwili, akasifu mapazia, ndipo akasema lililomleta. Jumapili, kabla ya mchezo, timu itamuenzi Babu Eligio. Misimu ishirini na sita akiwa kocha mkuu wa Trapicheros! Ubingwa mara tano. Hata watu wa redio hawajui kocha mwingine aliyekaa na timu moja ya besiboli muda wote huo.

Anataka mimi, mjukuu, nisome mafanikio yake kwenye maikrofoni.

Mimi! Niliyemaliza shule mwezi wa sita bila kunyoosha mkono darasani hata mara moja. Nilitazama sakafu. Bibi Nereida akajibu kwa niaba yangu: atasoma, kwani ana kazi gani?

Jumatano, 5 Desemba

Hotuba imeletwa ikiwa imeshachapwa. Inaishia hivi: "Na kuanzia leo, jezi namba 31 inatundikwa milele." Maneno mazuri. Nimefanya mazoezi bafuni, bomba likiwa wazi ili wasinisikie.

Mezani, tukila ndizi za kuponda na salami, nilimuuliza Babu kama kuna kitu wamesahau. Akasema waongeze kwamba hakuna kocha aliyefukuzwa uwanjani na waamuzi mara nyingi kama yeye.

"Na yule mwamuzi mnene uliyemtemea mate?" Bibi akauliza.

"Yale yalikuwa maneno, Nereida. Yalikuwa mabichi kidogo tu."

Nilicheka mpaka ndizi ikapotea njia.

Kisha Babu akazungusha uma. Akasema hakuna mchezaji wake aliyewahi kufika asubuhi akakuta kabati lake tupu. Kila aliyepaswa kuachwa na timu, yeye alimwita, akafunga mlango, akamwambia usoni. Wengine walilia. Mmoja alimpiga ngumi. "Lakini hayo hawayahesabu," akasema, akaomba chumvi.

Ijumaa, 7 Desemba

Nilitumwa mkate. Nje ya duka wazee walikuwa wanacheza domino, wananong'ona kwa sauti ya kupiga kelele, kama kawaida yao. Mmoja akasema Jumapili ndiyo mwisho wa Eligio.

"Mwisho gani? Si sherehe?" mwenye duka akauliza.

"Wewe nawe! Kocha wa besiboli anavaa jezi kama wachezaji wake. Ikishatundikwa haivaliwi tena. Jumatatu ataongoza timu amevaa nini, nguo za kulalia?"

Wakacheka. Mwingine akasema afadhali, wiki mbili hatujashinda, mzee anasinzia benchini. Waliponiona wakatazama domino zao.

Nimerudi bila mkate.

Sasa nimeelewa. Don Abelardo anamfukuza Babu, na hakuna aliyemwambia. Atalisikia mbele ya uwanja mzima. Kutoka mdomoni mwangu!

Jioni nilisimama mlangoni kwake. Alikuwa anang'arisha viatu vya mchezo.

"Unataka kitu, binti?"

"Hapana, Babu."

Hapana! Nimekaa kitandani nikijisikia mdogo kuliko kiatu kimoja.

Jumapili, 9 Desemba

Naandikia kwenye benchi la koridoni, nyuma ya chumba cha wachezaji. Mchezo uko raundi ya saba kati ya tisa. Tunaongoza kwa pointi moja.

Babu aliambiwa aje na suti. Amekuja na jezi. Alisema leo kuna kazi, na nani huenda kazini kavaa kama maiti?

Nikasoma. Niliishika karatasi kwa mikono miwili. Nilisoma misimu, ubingwa, ushindi. Watu walipiga makofi kila mstari. Babu alisimama hatua tatu kutoka kwangu, kofia kifuani. Nikafika kwenye jezi — nikanyamaza.

Wafanyakazi wawili waliokuwa wameshika kitambaa kikubwa chenye namba 31, kimekunjwa bado, wakatazamana. Mtu akapaza sauti jukwaani: "Usilie mrembo, babu yako simba!" Wakadhani ni machozi. Wakashangilia. Mwamuzi akatazama saa, akawaita makocha. Babu akampa orodha ya wapigaji wa leo, mchezo ukaanza.

Akipita karibu yangu alisema, "Umesoma vizuri. Ulipoishia panatosha."

Anajua? Sijui.

Bibi anasema niliogopa, na tushukuru nilifika pale. Natamani kuandika kwamba haikuwa hofu. Sauti ilikatika, hilo ndilo nina hakika nalo. Kama ni mimi niliyeikata, au ilikatika yenyewe — siwezi kusema, hata humu.

Don Abelardo amekuja sasa hivi. Mpole, anajifuta jasho. Anasema imebaki sentensi moja tu. Nitaimalizia mchezo ukiisha, kabla watu hawajatoka. Atasimama nami mwenyewe, nisiogope.

"Babu yako anastahili heshima hiyo, binti. Tumeelewana?"

Amesimama mbele yangu. Naona viatu vyake tu. Nje watu wanapiga kelele, sijui ni kwa heri au kwa shari, na yeye hata hageuki. Nina maneno mawili ulimini: mwambie mwenyewe. Nikiinua kichwa itabidi niyaseme.

"Binti?"

Bado naandika. Anaona naandika. Naandika —