Mpiga Picha Asiyetuambia Tucheke

Jumatano, 3 Novemba 1971

Nimemaliza kusahihisha madaftari ya hesabu. Darasa la sita hawajui sehemu hata kidogo. Niliyewafundisha ni mimi, kwa hiyo aibu ni yangu. Mvua tangu saa nane. Bati la ofisi linavujia meza ya mwalimu mkuu, yangu haijaguswa. Nashukuru.

Harusi ni baada ya wiki sita na siku chache. Mchungaji amekubali Jumapili, tarehe kumi na tisa Desemba. Gauni linashonwa Kisii. Ng'ombe nilishapeleka Julai, wote kwa mara moja. Mjomba alininong'oneza kwamba mtu hutoa kidogo kidogo. Nikamjibu kwamba kidogo kidogo ni ya watu wanaositasita. Mimi sikusita.

Kilichobaki ni mpiga picha. Mama anasema picha ni upuuzi. Lakini baba alikufa mwaka wa sitini na sita bila kupigwa picha hata moja, na sasa pua yake nimeanza kuisahau. Sitaki mambo hayo tena. Nataka picha ambayo mtu yeyote akiitazama ataona ninavyompenda Kerubo. Haya, nimeshaliandika. Hapa nyumbani hakuna anayesoma Kiswahili ila mimi, kwa hiyo naandika nipendavyo.

Jumapili, 7 Novemba

Tumekwenda Kisii, mimi na Kerubo na shangazi yake wa kutuchunga. Studio ya Mzee Salim, nyuma ya maduka ya nguo. Mzee mpole, kofia ya kufumwa, meno machache. Ukutani ana pazia kubwa lililochorwa ngazi na maua. Kila mtu wa wilaya hii aliyefunga ndoa amesimama mbele ya ngazi zile. Hakuna aliyewahi kuzipanda.

Akatupiga moja ya kujaribu. Alinisimamisha kama askari wa zamu. Akamwambia Kerubo aweke mkono juu ya wangu ili pete ionekane. Tukamwambia sisi ni Wasabato, hatuvai pete. Akafikiri kidogo, akampa maua ya plastiki ayashike. Kisha akajifunika kitambaa cheusi. Hakusema neno. Wala hakutuambia tucheke. Tukakaa hivyo mpaka shingo ikaniuma.

Nilichukia kila kitu. Kerubo alisema ni sawa. Kila kitu kwake ni sawa. Rangi ya gauni, sawa. Nyimbo, sawa. Napenda upole wake, lakini leo ulinichosha.

Jumanne, 9 Novemba

Mwalimu mwenzangu ameniambia juu ya kijana mmoja wa Keroka, Momanyi, aliyerudi kutoka Nairobi na kamera ndogo ya shingoni. Hana studio, hana pazia. Anapiga watu wakitembea, wakila, wakibishana. Nikaonyeshwa picha ya harusi aliyoipiga Suneka. Bibi harusi amefumba macho anacheka, bwana harusi ameinama anamfunga kamba ya kiatu. Niliitazama mpaka kengele ikapigwa.

Nataka hiyo. Nataka mimi ndiye nimeinama.

Jumapili, 14 Novemba

Keroka, siku nzuri kuliko zote za mwezi huu. Momanyi alituambia tusahau kwamba yupo, tufanye shughuli zetu. Basi tukaingia sokoni. Nikabishania bei ya kitambaa cha mama, nikambebea Kerubo ndizi, nikamwambia vituko vya darasa la sita. Alicheka mara mbili. Nilihesabu, ndiyo. Momanyi alikuwa mbele yetu, nyuma yetu, mara juu ya ngazi ya duka la chumvi. Shangazi alisema yule kijana ana kichaa.

Tulipoachana Kerubo aliniuliza kama ni lazima awe huyu. Nikamwambia huyu ndiye anayetufaa. Akajifunika kanga kichwani. Nikaona amechoka na jua.

Ijumaa, 19 Novemba

Mitihani. Mtoto mmoja wa darasa la tatu ameandika kwamba mji mkuu wa Kenya ni Keroka. Nusura nimpe alama.

Nimeandika barua mbili kwa Kerubo wiki hii na nimezichana zote. Nina furaha ya kijinga. Jioni Sabato imeingia, nikaimba kwa sauti mpaka mama akauliza kama nimekunywa.

Jumapili, 21 Novemba

Nilikwenda peke yangu kuchukua picha. Kerubo alikuwa anachuma pareto ya baba yake.

Nitaziandika zilivyo, kwa utulivu.

Ya kwanza: tunatazamana, anatabasamu. Nzuri.

Ya pili: nimegeuka kubishana na mwenye kitambaa. Kerubo yuko nyuma yangu. Haangalii kitambaa, haniangalii mimi. Uso wake ni uso wa mtu aliyekaa kwenye foleni ya hospitali tangu asubuhi.

Ya tatu: ninacheka, nimeinua kichwa. Yeye ananitazama. Ananionea huruma. Jamani, huruma tupu. Hata mtoto angeisoma.

Ya nne sitaiandika.

Kila nilipomtazama alitabasamu. Kila nilipogeuka, tabasamu lilizimika. Tangu nilipoposa nimekuwa naishi na ile picha ya kwanza tu.

Nilimuuliza Momanyi kama hana nyingine. Aliinamisha kichwa. Akasema, "Mwalimu, mimi napiga ninachokiona." Hakukubali malipo. Hapo ndipo nikajua kwamba naye aliona.

Jumatatu, 22 Novemba

Nimefundisha. Sijui nimefundisha nini.

Alhamisi, 25 Novemba

Nimekwenda kwao baada ya shule, kisa kuuliza habari za gauni. Kerubo hakuwapo, alikuwa ametumwa Nyaramba. Nilimkuta kaka yake, Nyakundi, anajenga jiko jipya kwa ajili ya mkewe. Bosibori anakaribia kujifungua, anatembea ameshika kiuno. Nyakundi akaacha udongo, akanikumbatia na mikono yake michafu. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye umenioza."

Ndivyo ilivyo kwetu. Ng'ombe wa dada ndio wanaomtafutia kaka mke. Kila mtu anajua, nami najua tangu utotoni. Kerubo ni binti pekee. Ng'ombe wangu walilala kwao siku tatu, kisha wakaendelea na safari hadi kwa wazazi wa Bosibori. Nilijua. Nilijivunia, hata. Nilijiona bwana mkubwa anayeoza nyumba mbili.

Kisha Nyakundi, hana ubaya yule, akaniambia jinsi baba yao alivyohangaika mwezi wa Juni. Kerubo alikuwa ameitwa kusomea uuguzi. Barua ilifika. Bosibori naye alikuwa ameshaingia nyumbani na tumbo limeshaanza, na kwao wanadai ng'ombe ama binti arudi. Mara mjumbe wangu wa posa akabisha hodi. Nyakundi alisema ni Mungu. Akacheka.

Mimi pia nilicheka. Nikaaga. Nilifika kwenye kona ya majani chai, nikakaa chini kwenye tope na suruali ya shule.

Mjumbe aliniletea jibu kwamba amekubali. Mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Mwalimu mzima, kazi yangu ni kuuliza maswali.

Jumapili, 28 Novemba

Nimemuuliza.

Tulikuwa nje kwao, anageuza maua ya pareto kwenye mkeka. Shangazi yuko mlangoni, mbali kidogo. Niliziweka picha kando ya mkeka. Alizitazama zote nne, akazikusanya, akazigeuza kifudifudi. Hakujitetea. Nikamuuliza kama kuna mwanamume mwingine. Akasema hakuna, na kwamba ingekuwa rahisi kama angekuwapo. Alitaka ule uuguzi. Alishajishonea na begi. Mimi hajanichukia. Alisema hivyo mara mbili, "sijakuchukia," na nadhani aliona ananipa zawadi.

Nikamwambia nitavunja uchumba mimi. Nitasema kosa ni langu, nimebadilika. Ng'ombe sitawadai. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu Alhamisi, na nilipoyasema sauti haikutetemeka. Nilijipongeza moyoni. Mjinga.

Akaniambia ng'ombe si wangu peke yangu. Ni wa ukoo, walitoka kwenye posa ya dada yangu. Mimi nitasamehe, je, mjomba wangu atasamehe? Ataamka asubuhi na fimbo kwenda kuwafuata. Watu wa kwao nao watawafuata kwa kina Bosibori. Na Bosibori atarudishwa kwao na mtoto tumboni. Alisema haya yote huku mikono inageuza pareto. Kisha ikasimama.

"Usiniache, Mwalimu," alisema. "Nakuomba. Nitakuwa mke mwema."

Tangu nilipoposa nimetamani kusikia aniambie nisimwache. Leo ameniambia, na ni kwa ajili ya jiko la kaka yake.

Nilisaidia kugeuza pareto. Mkono mzima ulinuka.

Nilipoinuka akanishika ncha ya koti, mbele ya shangazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Tumchukue Mzee Salim. Yule hatuambii tucheke."

Jumatano, 1 Desemba

Nilimpima mjomba. Nilimuuliza kama hadithi, juu ya mwalimu fulani wa mbali ambaye uchumba wake umevunjika, kama ukoo ungeweza kuwaachilia ng'ombe. Akanitazama. Akasema labda ukoo wa wendawazimu. Akauliza fulani huyo ni nani. Nikasema simfahamu sana.

Kerubo alisema kweli, basi. Sina njia. Nikimwachilia, namvunjia nyumba ya kaka yake na yeye ndiye atakayelaumiwa maisha yote. Nikimwoa, namwoa. Nimesali na sikusikia kitu. Nampenda. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, kwamba halijapungua.

Ijumaa, 3 Desemba

Shule imefungwa. Nimekwenda Kisii, nimepatana na Mzee Salim. Aliuliza kama atupige kanisani au kwenye pazia. Nikasema kanisani, nje, karibu na mlango, wote wakiwa wamesimama wima. Alifurahi. Alisema vijana wa siku hizi wanataka picha za kurukaruka, na kwamba anapenda watu wanaojua ndoa ni jambo zito. Nikamwambia tunajua.

Kisha Keroka, kumwambia Momanyi tumepata mwingine. Sikutaka apate habari kwa watu. Nilikuwa nimejiandaa kusema uongo mrefu. Hakuuliza. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, kama watu wanavyofanya matangani.

Jumapili, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Watoto wameimba, chifu amehutubu. Watu wote wananipongeza. Bwana harusi, bwana harusi. Nimechoka kutabasamu. Sasa naelewa kazi aliyokuwa anaifanya Kerubo tangu nilipoposa.

Jumapili, 19 Desemba

Tumeoana. Mvua haikunyesha. Kwaya ilikosea mwanzo, ikaanza upya. Gauni limempendeza mno, nilishindwa kumtazama kwa muda mrefu. Alijibu "ndiyo" kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma. Mchungaji alisema ni nadra bibi harusi kujibu kwa sauti hiyo.

Mzee Salim alitupanga. Mama mkwe akasimama mbali nami, ndiyo heshima. Nyakundi kulia, Bosibori kando yake na mtoto mchanga wa siku tisa kwenye blanketi. Mvulana. Kerubo kushoto kwangu. Mzee alijifunika kitambaa, akainua kidole. Hakuna aliyesogea. Nilihisi bega lake likigusa langu na sikujua kama ni kwa sababu tumesongamana.

Jumatano, 12 Januari 1972

Shule imefunguliwa. Madaftari mapya, harufu ya wino.

Kerubo anaamka kabla yangu. Nguo zangu hazijawahi kuwa safi hivi. Mama anamsifu kwa majirani. Jumatatu nilikuwa na homa, alikaa kando yangu na kitambaa cha maji, akanipima mapigo ya mkono huku anatazama saa yangu, midomo inahesabu. Anajua kupima. Nilifumba macho ili asione kwamba nimeona.

Leo Mzee Salim ameleta picha mwenyewe, kwa miguu kutoka barabarani. Amezitia rangi kidogo kwa mkono, mashavu na maua. Ametuomba ruhusa ya kuweka moja dirishani kwake. Alisema katika miaka yake yote hajapata maharusi waliotulia kama sisi, na kwamba wachumba wakija kuchagua atawaonyesha hii, wajue mambo yanavyotakiwa kuwa.

Nikamtazama Kerubo. Alikuwa anamimina chai. Alisema ni sawa, mzee aiweke. Basi nami nikasema aiweke. Mzee alikunywa vikombe viwili, akatuombea watoto, akaondoka kabla ya mvua.