Jumamosi za Bosibori

Kwa Makori, mwenzangu wa upande wa pili,

Ningekutumia barua hii kwa posta kama ningekuwa na hakika kwamba utaifungua wewe. Lakini sasa una mke, na mke ana haki ya kufungua barua zinazoingia nyumbani kwake, nami sitaki vidole vya Bosibori viwe vya kwanza kuyagusa maneno haya. Heri yasomwe na watu wote kuliko yasomwe na yeye peke yake.

Msitu bado upo. Bado ni kile kipande kilichobaki juu ya mlima huku Nyamira, chai imeuzunguka chini na migomba imeupandia hadi kwenye mpaka. Ulipokuja, miaka michache baada ya Uhuru, ofisi ya misitu ilikuwa imeanza kupaka miti ya kale alama nyekundu, huu ukatwe, ule uachwe, na wakubwa walitaka kujua kama ndege wa miti mikubwa watavumilia au watahama. Walikutuma wewe uwahesabu, ukaambiwa utafute msaidizi aliyesoma. Nami nilikuwa nimeshuka kutoka shule ya Nyanchwa na cheti changu, nakaa nyumbani kwa baba yangu, mwalimu, nikimsaidia mama kuchuma chai, kila jirani akiuliza cheti hicho kitapikwa lini.

Ulinifundisha kazi kwa maneno machache. Tunafika umande haujakauka, tunasimama chini ya mkuyu, mgongo wangu kwenye mgongo wako, na tunanyamaza mpaka ndege watusahau. Nusu ya msitu iko mbele yangu, nusu iko mbele yako. Ndege akilia mpakani, mahali ambapo sote wawili tungeweza kumwandika, yule anayemsikia kwanza anamgusa mwenzake kwa kiwiko. Kiwiko maana yake: huyu ni wangu, usimwandike.

Sijui kama ulijua ulikuwa unanifundisha nini. Asubuhi nzima sikuuona uso wako, lakini nilijua pumzi yako inavyosimama hondohondo anapopita, na mabega yako yanavyopanda kidogo unapocheka bila sauti. Siku ile kigong'ota alipogonga bati la kambi ya wapasua mbao badala ya mti, ulicheka mpaka tukayumba wote wawili, na mimi nikacheka kwa sababu wewe ulicheka. Huo ndio uchumba wangu wote, Makori. Ulikuwa mgongoni.

Lakini hesabu ilitakiwa mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Nilikuambia tangu mwanzo kwamba sisi Wasabato, jua likizama Ijumaa, kazi imekwisha. Ukasema hakuna neno, utatafuta mwingine wa Jumamosi. Nilikushukuru hata. Niliona ni heshima kwa dini yangu.

Ukampata Bosibori, binti wa katekista, aliyelelewa na masista, Mkatoliki ambaye Jumamosi kwake ni siku ya kufua na kusuka nywele.

Sikumwonea wivu mara moja. Wivu ulianza na maganda ya njugu karanga. Jumatano moja nilifika chini ya mkuyu nikayakuta yametawanyika pale tunaposimama, na nikakumbuka kwamba mimi na wewe hatukuwahi kula chochote pale. Ulisema kutafuna kunaharibu kusikia. Wiki iliyofuata yalikuwa mengi zaidi. Nilisimama mgongo kwa mgongo nawe nikiyasikia yakivunjika chini ya viatu vyangu, na asubuhi hiyo niliandika ndege wachache sana, kwa sababu nilikuwa nasikiliza maganda.

Kisha zikaja hesabu zenyewe. Jumatano zangu zilikuwa zikishuka. Jumamosi zake zilisimama juu, wiki baada ya wiki, hondohondo kwa ninga, chozi kwa kigong'ota. Bwana misitu alipokuja kutoka Kisii alizitazama mbele yetu sote watatu, akasema kwamba mwisho wa mwaka ataajiri msaidizi mmoja tu wa kudumu, na kwamba ndege hawadanganyi, mwenye sikio ameonekana. Bosibori alitazama chini kwa adabu. Ningependelea anicheke. Nilikutazama nikingoja unitetee.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilifikiri juu ya masikio yake, madogo, yenye hereni za fedha. Nilijiuliza Mungu anawezaje kumpa sikio bora mtu anayetafuna njugu. Nilikaa kanisani kila Sabato nikiimba, huku moyo wangu ukipanda mlima kwa miguu, ukifika chini ya mkuyu, ukisimama nyuma ya mti kuwatazama.

Aliyenifungua macho ni Mzee Ombati, mkubwa wa wapasua mbao. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akisimama juu ya gogo huku mwenzake akivuta msumeno toka shimoni, vumbi likimwingia puani. Alikuwa mzee wa kanisa letu, na wapasua mbao wote alikuwa amewaleta yeye, wote waumini wenzetu. Aliniona nje ya kanisa nimekunja uso, akaanza utani wake.

"Binti wa mwalimu," akasema, "nasikia ndege wako wamebatizwa misheni. Jumatano hawaji kwako, wanangoja Jumamosi ya yule Mkatoliki."

Wenzake wakacheka. Nami nikajilazimisha kucheka, nikaingia ndani, nikakaa. Wimbo ulipoanza, mikono ya Mzee Ombati ilikuwa imeshika kitabu mbele yangu, imepasuka, utomvu umeganda kwenye kucha. Nikamtazama aliye kando yake, na aliye kando ya huyo. Safu nzima ilikuwa ya mikono kama hiyo. Misumeno yote ya msitu ule ilikuwa imeketi kanisani ikiimba. Jumatano zote nilizosikiliza ndege, nilikuwa nawasikiliza katikati ya kelele za mashimo matatu ya msumeno, kelele nilizokwisha kuzizoea hata sizisikii. Jumamosi, Bosibori alikuwa na msitu mtupu.

Nilitoka kabla ya mahubiri. Mama alinifuata hadi mlangoni akauliza naenda wapi, nikamwambia natembea katika uumbaji, jambo ambalo kanisa letu halikatazi siku ya Sabato. Akasema kutembea si kazi, ila kuhesabu ni kazi. Nikamwahidi sitahesabu; sikuwa na kalamu wala karatasi. Nilipanda hivyo hivyo, na viatu vya kanisani.

Makori, sijawahi kuusikia msitu kama siku ile. Sauti zilikuwa zimejaa kama maji kwenye mtungi, moja juu ya nyingine, na kila jina lililonijia kichwani nililifukuza, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mama sitahesabu. Moyoni nilifurahi. Nilijua kwamba sikio langu halina kasoro. Nilitaka kukuambia papo hapo, mbele yake.

Nikafika kwenye mkuyu, nikawaona.

Mlikuwa mmesimama mkitazamana. Karibu, karibu kabisa, yeye amekuinulia uso, wewe umemwinamia, karatasi zenu mikononi. Hamkuwa mnafanya jambo lolote la aibu. Kila baada ya muda mmoja wenu aliandika. Mlikuwa mnafanya kazi, na ndiyo maana iliniuma. Nilisimama mpaka kiatu kimoja kikalowa, kisha nikarudi nilikotoka, na hamkunisikia, watu wawili wenye masikio.

Jumatano nilikuambia mambo mawili. La kwanza ni misumeno, na hapo ulikuwa mtu mwema. Hukubisha. Ulipiga paji la uso kwa kiganja, ukaenda mwenyewe kwa Mzee Ombati kumwomba Jumatano asubuhi asianze mpaka tuteremke. Wiki tatu baadaye hesabu zangu zilikuwa sawa na zake, na bwana misitu akaacha kuzungumza juu ya masikio. Ukaandika pia kwamba ndege bado wapo, ila kelele huwanyamazisha, na miti ya upande wa juu yenye alama nyekundu ikaachwa kwanza kwa ajili yao, isikatwe. Ipo hadi leo.

La pili nilikuuliza nikiwa nimekupa mgongo, kama kawaida yetu.

"Na Bosibori mbona mnatazamana?"

"Hesabu ni ile ile," ukasema. "Kila mmoja anatazama nyuma ya mwenzake. Nusu kwa nusu."

"Basi mimi kwa nini ulinipa mgongo?"

Ulingoja ninga warudi kwenye tawi, ukawaandika. Kisha ukasema polepole, "Wewe ulikuja kuhesabu ndege, Moraa."

Nimelibeba jibu hilo miaka yote hii. Siku nyingine naliona ni tusi, siku nyingine naliona ni sifa kubwa kuliko zote nilizopewa na mwanamume. Ulitaka niseme nini? Kwamba nilikuja kwa ajili yako? Binti wa mwalimu hasemi hivyo, na wewe ulijua. Yeye alikupa njugu. Mimi nilikupa Jumatano zangu zote nikidhani zinajieleza.

Mahari ikapelekwa kwa katekista baada ya mavuno ya wimbi. Ukahamishiwa msitu mwingine, mbali, ukaondoka naye. Nami nikaajiriwa. Watu wa nyumbani walisema nimeshinda, na mama akachinja kuku. Sikuwaambia kwamba kazi ile ilibaki kwangu kwa sababu Bosibori alikuwa amechukua kilicho bora akaondoka.

Nasikia mna mtoto wa kike. Nasikia Bosibori hahesabu tena, amefungua duka. Nilipoambiwa nilifurahi, kisha nikakasirika: kama hakuwataka ndege, angeniachia basi hata Jumamosi moja ya kusimama uso kwa uso chini ya mkuyu. Unaona jinsi nilivyo. Nina kazi, nina mshahara, msitu wote ni wangu, na bado namwonea mwanamke mwenye duka wivu wa asubuhi alizokwisha kuzisahau.

Sasa nahesabu peke yangu. Nasimama palepale, naanza na nusu yangu, nikimaliza nageuka kwenye nusu yako. Mzee Ombati amezeeka, lakini Jumatano bado misumeno yake hungoja nishuke. Siku hizi huniuliza kama ndege wameokoka. Namwambia bado wanasikiliza mafundisho.

Wiki hii hondohondo alilia mpakani, karibu kabisa, upande wa kulia wa mkuyu. Nilimsikia kabla hajamaliza. Kabla sijafikiri, nilirudisha kiwiko nyuma, huyu ni wangu, na kiwiko kikapita kwenye hewa, hakikugusa mtu.

Nikamwandika.

Ni mimi, uliyekuwa ukinipa mgongo,
Moraa