Neno la Mchungaji

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu kapata neno jipya. Splankhnizomai. Kigiriki cha kale. Tangu asubuhi analitamka bafuni, kioo kimejaa mate. Maana yake kuhurumia — ila si huruma ya mdomoni, anasema. Asili yake ni matumbo: huruma inayokusokota ndani. Jumapili atalihubiri. Waumini wajiandae. Mimi nijiandae zaidi, ndimi ninayekula naye meza moja.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kalazwa. Mdogo wake Mchungaji, wa tumbo moja, wamebaki wawili tu. Kaanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka. Hawajasemeshana tangu mazishi ya mama yao, walipogombea kipaza sauti mbele ya waombolezaji — nani amsemee marehemu. Shemeji alishinda.

Nikasema twende. Akasema yuko kwenye sarufi. Eti kitenzi kina umbo la kutendwa: wewe huishiki huruma, yenyewe ndiyo inakushika. Sawa. Tunaisubiri imshike.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka wodini. Shemeji kavimba, anaongea kwa shida. Akauliza kaka yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Uongo mtupu, na mimi mke wa mchungaji. Mkewe akaninong'oneza kwamba daktari hatoi ahadi. Nililia kwenye ngazi.

Nyumbani, vitabu meza nzima. Nikamweleza yote. Akauliza kama nimeona miwani yake. Alikuwa ameivaa.

Jumapili, 9 Machi

Alihubiri vizuri, simnyimi haki yake. Msamaria hakupanga, alisema. Tumbo lilimsokota, miguu ikafuata. Wakaitikia amina. Hapo simu ikatetemeka mkobani. Mke wa shemeji: njooni sasa hivi. Nikainuka kutoka kiti cha mbele, nikatoka kwa njia ya katikati, kanisa zima likinitazama. Nyuma yangu neno likakatika: splankh — Mzee wa kanisa akaanzisha wimbo, kama afanyavyo kila mhubiri anapopaliwa.

Naandika kando ya kitanda, mikono ipate kazi. Shemeji anahema kwa tabu. Mlango umefunguka. Ni yeye, na joho lake, kipaza sauti kidogo bado kimebanwa kwenye kola. Shemeji kakiona. Katabasamu upande mmoja.

"Haya kaka," anasema, "leo ongea wewe."

Mchungaji kakibandua kipaza sauti kolani. Kakitia mfukoni. Nimemsogezea kiti, naye bado amesimama, mkono wa nduguye mkononi mwake.